Pembe Hulipisha Jina

Dukani kwa Jamaldin, mtaa wa Kibokoni, kaseti haikuuzwa kabla ya kupimwa. Juu ya kaunta palikuwa na redio kubwa ya kaseti, na kitufe chake cha sauti kilikuwa kimezibwa kwa utepe mweusi kwenye namba tano tangu mwaka 1993. Mteja alichagua kaseti mbili au tatu. Jamaldin alizipiga moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde ishirini. Iliyosikika ndogo kuliko mwenzake ilirudi rafuni. Mteja hakusema ni mbaya. Alisema, "Hii haina nguvu," na hukumu hiyo haikuwa na rufaa.

Kadzo Kaingu aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya kaunta, na sakafu ya mbao haikuficha kitu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Alizaliwa Kaloleni, akasomea elektroniki katika chuo cha ufundi, na sasa aliishi Buxton na dada yake. Kwa miaka miwili kazi yake dukani ilikuwa kunakili kanda za watu wengine. Kisha, mwaka 1997, Jamaldin alinunua kompyuta na programu ya kuhariri sauti, akaweka kitabu cha maelezo juu ya meza na kusema kwamba atakayekisoma ndiye atakayekikalia kiti. Kitabu kilikuwa na kurasa mia moja na themanini. Kadzo alikisoma mara mbili.

Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata alipata kazi ya kwanza iliyokuwa yake tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa kanda ya vugo.

Vugo ni ngoma ya wanawake katika harusi. Wanaimba huku wakipiga pembe za nyati kwa vijiti. Mwimbishaji hutoa mstari, wenzake huitikia, na pembe hujibu. Mtaani Kuze mwimbishaji alikuwa Bi Mwanakuu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye ulimi ambao maharusi waliuogopa kuliko mawifi. Kwa miaka kumi Jamaldin alikuwa amemwomba arekodi, na kwa miaka kumi jibu lilikuwa moja: "Usiniletee mwanamume na nyaya zake ukumbini kwangu." Aliposikia kwamba fundi wa Jamaldin sasa ni mwanamke, alituma ujumbe wa maneno manne: "Mlete huyo Jumapili alasiri."

Kadzo alikwenda na maikrofoni mbili na kinasa sauti cha kidijiti. Aliziweka maikrofoni kwa kupima kwa futi ya fundi cherehani, akaandika vipimo katika daftari, akarekodi saa mbili. Upande wa kwanza wa kanda ungebeba wimbo mmoja tu, wa dakika ishirini na mbili, ambao ndio uliompa Bi Mwanakuu sifa. Ulikuwa wimbo wa majina. Kila mstari ulianza na jina la mwanamke wa Kuze aliyepiga pembe zamani, marehemu wote, majina sitini na moja. Baada ya kila jina yalikuja maneno machache ya sifa, kisha wenzake saba wakaitikia.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti mawili. La Jamaldin alilitoa akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ghorofani, mikono kiunoni.

"Harusi za Rajabu zaanza wiki ijayo. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, nataka kanda mama ya kunakilia mkononi. Ikipita kaunta, nitaandika jina lako kwenye jalada. 'Sauti: Kadzo Kaingu.' Sijamwandika fundi kwenye jalada tangu nifungue duka."

"Na isipopita?"

"Naituma Nairobi ikakazwe sauti. Jalada litakuwa na jina la aliyeikaza. Si chuki, Kadzo. Kanda hii itapigwa Tononoka, mlangoni mwa duka, na lori lapita. Wataka waitegee sikio kama habari za siri?"

La Bi Mwanakuu lilikuwa fupi zaidi.

"Majina ni sitini na moja. Nitayahesabu. Likikosekana moja, kanda haitoki. Si kwako, si kwa Nairobi."

Kadzo aliandika masharti yote mawili katika ukurasa mmoja wa daftari, akachora mstari chini yake. Aliona mara moja kwamba yalivutana, na sababu yake ilikuwa ya kifizikia, si ya watu.

Katika kompyuta, sauti ina dari. Dari hiyo huitwa sifuri, na hakuna kinachoweza kuipita. Kinachojaribu hukatwa kichwa na kugeuka mkwaruzo. Kijiti kikigonga pembe ya nyati, mlio huruka ghafla na kuzimika mara moja. Ni mfupi, lakini ndio unaogusa dari. Sauti ya Bi Mwanakuu, ambayo sikioni ilionekana kubwa, kwenye skrini ilikaa desibeli kumi na nne chini ya dari. Kuipandisha kwa njia ya kawaida hakukuwezekana, kwa maana pembe zilikuwa zimeshajaza nafasi yote. Kanda za taarabu zilizokazwa Nairobi zilikuwa juu zaidi kwa desibeli kumi. Kadzo alikuwa amezipima.

Chombo cha kazi hiyo ni limita. Limita hutazama sauti inayokuja. Ikiona mlio unaotaka kupita mpaka uliowekwa, huishusha sauti yote kwa kadiri inayotosha, kisha huiachilia irudi. Kwa hiyo mtu anaweza kupandisha wimbo mzima kwa desibeli kumi na kuiachia limita izuie pembe tu. Fundi huchagua mambo mawili: kiasi cha kupandisha, na muda wa kuachilia. Kitabu kilisema kwamba muda mrefu huleta sauti tulivu zaidi. Kadzo alichagua nusu sekunde.

Jumatatu saa nne alibonyeza kitufe. Kompyuta ilichukua dakika kumi na moja. Mawimbi yaliyokuwa yamesimama kama miba ya samaki yalirudi yakiwa manene, yamejaa skrini kutoka juu hadi chini. Aliyasikiliza mwanzoni, pale wenzake Bi Mwanakuu wanapofungua kwa pamoja, akashuka na nakala hadi kaunta.

Jamaldin aliipiga baada ya kanda ya Nairobi. Aliipiga tena. Akacheka.

"Hii yapiga! Khubaib! Wasikia?"

Khubaib alikuwa fundi cherehani wa kanzu upande wa pili wa kichochoro, hatua nne kutoka kaunta, na maoni yake yalikuwa sehemu ya duka.

"Nasikia mpaka kwenye meno," akajibu.

Kadzo alirudi ghorofani akipanda ngazi mbili kwa mara moja, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alikuwa amefanya kwa siku moja kazi waliyoihesabu Nairobi kuwa ni yao. Alikuwa pia amefanya kosa, lakini hakulijua bado. Alikuwa amepima kanda yake kama wateja walivyopima: sekunde ishirini za mwanzo.

Jumanne asubuhi aliipeleka Kuze, kinasa sauti chake begani. Bi Mwanakuu alikuwa ukumbini ameketi kwenye mkeka, sinia mbili mbele yake, anachagua kunde.

"Sabalkheri, Bi Mwanakuu."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo kuno, kaa karibu nami. Umeileta?"

"Nimeileta."

Bi Mwanakuu alihesabu kunde sitini na moja, akaziweka katika sinia ya kushoto. Akaamuru kaseti ipigwe. Kila aliposikia jina, alihamisha kunde moja kwenda sinia ya kulia. Kadzo alizitazama kunde. Ya kwanza ilihama. Ya pili ilibaki. Ya tatu ilibaki. Ya nne ilihama, kwa kusita. Dakika ishirini na mbili zilipokwisha, sinia ya kulia ilikuwa na kunde tisa.

"Yapiga kweli," alisema Bi Mwanakuu. "Kama bati la paa. Sasa niambie, mamangu yuko wapi?"

"Mamako?"

"Mwimbishaji humtaja mamake mwisho. Mwanamize wa Kuze, mwenye pembe isiyochoka. Mamangu ndiye wa sitini na moja. Nimesikia 'mwenye pembe isiyochoka.' Mwenye pembe ni nani? Mimi naijua sauti yangu, na nilimtaja. Wewe umemmeza."

"Sikummeza, Bi Mwanakuu."

"Basi mashine yako imemmeza. Na wenzake hamsini na moja. Ina tumbo kubwa."

Kadzo alirudisha kaseti nyuma na kusikiliza mwisho wake, mara moja, mara mbili, huku amefumba macho. Mara ya tatu aliona kilichotokea kana kwamba kiko kwenye skrini. Kabla ya kila jina, wanawake wote saba waligonga pembe kwa pamoja, mshindo mmoja wa kufunga kiitikio. Mshindo huo ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Limita ilishusha sauti desibeli kumi kuuzuia, kisha ikachukua nusu sekunde kuirudisha. Jina lilianza ndani ya nusu sekunde hiyo. Wimbo wote ulikuwa umepanda. Majina peke yake yalibaki pale pale yalipokuwa.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la mashine. Niliichagulia muda mrefu, na sikusikiliza hadi mwisho."

Bi Mwanakuu alimtazama kwa makini zaidi kuliko Jumapili.

"Hilo sijalisikia kwa fundi yeyote. Fundi wa bomba langu kila siku kosa ni la maji. Waweza kulitengeneza?"

"Naweza kufupisha muda. Lakini ule mshindo ni mkubwa mno. Nikifupisha na nguvu ikabaki ile ile, sauti yako itatetemeka kila pembe inapogonga. Nikipunguza nguvu, Bwana Jamaldin ataituma Nairobi."

"Mshindo gani?"

"Ule wa mwisho. Kabla ya jina."

Bi Mwanakuu alikunja uso. Alinyoosha mkono nyuma yake, akavuta pembe iliyokuwa imefungwa kwa leso, na kijiti chake. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha, akijipigia mwenyewe. Kadzo alisikiliza. Alikuwa tayari kuhesabu, na alihesabu. Kiitikio kilikuwa na mapigo manane. Saba ya kwanza yalikuwa sawa. La nane kijiti kiligusa tu, kwa ubavu wake, na jina likatoka juu ya mlio huo mdogo, zima, kila silabi.

"Rudia, tafadhali."

Aliimba tena. Pigo la nane lilikuwa dogo tena.

"Jumapili hamkupiga hivyo," alisema Kadzo. "Jumapili la nane ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Nina kanda ya asili. Naweza kukuonyesha."

Kijiti kilisimama.

"Pembe hulipisha jina," Bi Mwanakuu alisema polepole. "Hivyo ndivyo alivyonifunza mamangu. Pigo la mwisho unalilegeza, jina lipite. Mtoto wa miaka saba Kuze alijua hilo." Akacheka kwa hasira. "Maikrofoni! Wale mashetani saba waliona maikrofoni, kila mmoja akataka pembe yake isikike mpaka Lamu. Nami nilikuwa mbele nimewapa mgongo, nimejaa fahari, sikuwageuzia hata jicho. Miaka kumi namkatalia Jamaldin asije akaniharibia vugo, kumbe nimeliharibu mwenyewe."

"Tunaweza kurekodi upya?"

"Wawili wamekwenda Malindi kwenye arusi, hawarudi kabla ya Jumamosi. Na mmoja ana mafua." Alikifunga kijiti ndani ya leso. "Basi imekwisha. Mwambie Jamaldin kanda haitoki."

Kadzo hakuinuka. Alikuwa amefungua daftari na anaandika.

"Basi mapigo ya mwisho ni sitini na moja," alisema.

"Majina sitini na moja, mapigo sitini na moja. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Na ungekuwa nyuma yao Jumapili, ungewaambia walilegeze kila moja."

"Ningewagonga vichwa kwa hiyo pembe."

"Basi nitayalegeza mimi. Moja moja. Kwenye kompyuta naweza kulichukua pigo moja tu, bila kugusa linalotangulia wala linalofuata, na kulishusha. Litalipisha jina kama ulivyopiga sasa hivi. Lakini ni ngoma yako, si yangu. Sigusi pigo hata moja bila wewe kukubali."

Bi Mwanakuu alifikiri. Nje, mtu alikuwa anateremsha magunia ya mkaa na kutukana kwa adabu.

"Utayashusha kiasi gani?"

"Piga tena, nikupime."

Alipiga mara sita mbele ya maikrofoni ya kinasa sauti. Kadzo aliandika namba sita. Pigo la nane, likipigwa inavyostahili, lilikuwa dogo kuliko mengine. La Jumapili lilikuwa limezidi mengine kwa desibeli tano.

"Nitashusha tano," alisema, "yawe sawa na wenziwe. Zaidi ya hapo sikio litajua kwamba yameguswa."

"Nenda," alisema Bi Mwanakuu. "Alhamisi nitakuja dukani na kunde zangu."

Kanda ya asili haikuwa imeguswa. Kadzo hakuwahi kufanya kazi juu ya kanda ya asili. Jumanne mchana aliinakili upya ndani ya kompyuta na kuanza. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Alilitafuta pigo, akalikuza mpaka likajaza skrini, akaweka alama pale wimbi linapokata mstari wa katikati, mbele na nyuma, kwa maana alama ikiwekwa mahali pengine popote huacha mlio mdogo kama wa kidole kinachovunjika. Akashusha. Akasikiliza. Akaandika namba ya pigo katika daftari. Kila moja lilichukua dakika nane. Alipomaliza pigo la ishirini na tisa, umeme ulikatika Kibokoni nzima. Aliketi mikono mapajani mpaka uliporudi. Kwa kuwa alihifadhi kazi kila baada ya mapigo kumi, alikuwa amepoteza tisa. Aliyarudia.

Jamaldin alipanda mara mbili siku ya Jumatano.

"Jumatatu ilikuwa tayari! Yule Khubaib alisikia mpaka kwenye meno!"

"Alisikia pembe, Bwana Jamaldin. Hakusikia jina hata moja."

"Nani aliyekuambia wanunuzi wataka majina?"

"Wanunuzi wa Kuze ni wajukuu wa hao waliotajwa."

Jamaldin akashuka.

Pigo la sitini na moja lilimalizika Jumatano saa tisa. Sasa mapigo yote yalikuwa sawa, na chini ya dari pamepatikana desibeli tano za nafasi bila limita kuguswa. Kadzo alipandisha wimbo kwa hizo tano. Nne nyingine aliiachia limita, na muda wa kuachilia akauweka milisekunde ishirini: mfupi kiasi kwamba sauti ilirudi mahali pake kabla ya midomo ya Bi Mwanakuu kufunguka. Tano na nne ni tisa. Alijaribu kumi, akasikia sauti ikianza kutetemeka kwenye neno refu, akarudi kwenye tisa. Kisha aliketi na kusikiliza dakika zote ishirini na mbili. Alipomaliza, aliusikiliza upya kwa sauti ndogo sana, kwa sababu jina linalosikika sauti ikiwa ndogo litasikika popote.

Alhamisi saa tano na nusu Bi Mwanakuu alifika na buibui lake, akasimama kando ya kaunta, fundo la leso mkononi. Ndani ya fundo zilikuwamo kunde. Jamaldin alimkaribisha kwa heshima zote, akauliza hali yake, ya nyumbani, na ya watoto, akajibiwa yote. Kisha akaweka kanda ya Nairobi. Sekunde ishirini. Akaitoa, akaweka kanda ya vugo. Kitufe kilibaki kwenye tano, chini ya utepe wake mweusi.

Kiitikio cha kwanza kilijaza duka.

Jamaldin aliinamisha kichwa upande mmoja. "Ziko sawa," alisema. "Wallahi, ziko sawa. Imepita." Akanyoosha mkono kuizima.

"Wacha," alisema Bi Mwanakuu. "Bado hujasikia mtu."

Jina la kwanza likatoka. Kunde ya kwanza ikahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. La pili. La tatu. Hakuna kaseti iliyowahi kupimwa kwa dakika ishirini na mbili katika duka hilo, na watu waliokuja kununua vitu vingine walijikuta wamesimama. Mwanamke mmoja mwenye kapu la samaki alisikia jina la kumi na nne, akasema, "Huyo ni nyanya wa mume wangu," na hakuondoka tena. Kadzo alisimama nyuma ya kaunta, mikono mgongoni. Hakuitazama redio. Aliitazama mikono ya Bi Mwanakuu.

Kwenye jina la thelathini na tisa, cherehani ya upande wa pili ilinyamaza. Khubaib alitoka kizingitini na sindano mdomoni, akaitoa.

"Rudisha," alisema.

"Harudishwi mtu," alisema Bi Mwanakuu. "Ngoja ununue."

"Amesema Mwanamvua wa kina Shali? Mwenye nyumba ya kona?"

"Amesema. Wewe umesikia ukiwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, nashona."

"Na cherehani inakwenda?"

"Inakwenda."

Bi Mwanakuu alimgeukia Kadzo kwa muda wa kunde moja, kisha akarudi kwenye hesabu yake.

Kwenye jina la hamsini na nane, adhana ya adhuhuri ilianza. Jamaldin alizima redio kabla ya tamko la kwanza kumalizika, kama alivyofanya kila siku na kila duka lilivyofanya mtaani humo. Mkononi mwa Bi Mwanakuu, upande wa kulia, zilibaki kunde tatu. Kadzo aliziona. Kazi ilikuwa imekwisha tangu jana, na hakuna kitu ambacho angeweza kuongeza wala kupunguza. Hata hivyo alijikuta anayapitia mapigo matatu ya mwisho kichwani, alama ya mbele, alama ya nyuma. Aliikumbuka kila moja. Lile la sitini na moja alilipima mara nne.

Adhana ilikwisha. Watu waliitikia dua kwa midomo. Jamaldin alibonyeza.

Hamsini na tisa. Sitini. Wenzake waliitikia, pembe zikagonga mapigo yao saba, na la nane likapita kando kama mtu mwenye adabu katika kichochoro chembamba.

*Mwanamize wa Kuze, mwenye pembe isiyochoka.*

Kunde ya mwisho ilihama. Bi Mwanakuu aliufunga mkono wake wa kushoto.

"Sitini na moja," alisema. Sauti yake haikubadilika, isipokuwa alichelewa kidogo kuendelea. "Mamangu alikufa mwaka wa sabini na mbili. Hajawahi kuingia duka la kaseti. Leo ameingia, na amesalimia kila mtu."

"Basi imepita," alisema Jamaldin, aliyekuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Yalingana na ya Nairobi kabisa."

"Hailingani," alisema Kadzo.

Wote wakamgeukia.

"Imepungua desibeli moja. Nairobi wako juu kwa kumi, sisi kwa tisa. Ya kumi ingeitetemesha sauti ya Bi Mwanakuu, nikaiacha."

"Nani amesikia hiyo moja?" Jamaldin aliuliza umati. "Khubaib, umesikia upungufu?"

"Mimi nimemsikia nyanyangu. Upungufu sikuusikia."

"Hakuna aliyesikia."

"Mimi nimesikia," alisema Kadzo.

Bi Mwanakuu alicheka hadi buibui likamteleza begani. "Mwachie moja yake," alimwambia Jamaldin. "Mimi wenzangu saba wamenidanganya kwenye pembe, huyu hawezi kudanganya hata kwenye desibeli. Andika jina lake. Liandike kubwa. Na unipe jalada moja lenye jina hilo, niwaonyeshe wale saba."

"Laandikwaje?" Jamaldin alichukua kalamu. "Kaingu kwa K?"

"Kwa K," alisema Kadzo. "Na Kadzo kwa *dz*. Watu huiacha."

Mchana huo, kabla ya kwenda kula, alipanda ghorofani na kuandika kwenye kisanduku cha kanda mama: tarehe; vugo la Kuze; mapigo sitini na moja ya kufunga kiitikio yameshushwa kwa mkono, desibeli tano, kwa idhini ya mwimbishaji; limita desibeli nne, kuachilia milisekunde ishirini. Aliacha nafasi ya mstari mmoja, akaandika: *Jaribio la kwanza, nusu sekunde, lilimeza majina hamsini na mawili. Lisirudiwe.* Akaweka sahihi.

Jumatatu iliyofuata alikuwa ananakili nakala ya mia mbili na kitu aliposikia, kupitia mbao za sakafu, sauti ya mwanamke asiyemfahamu akipima kaseti. Moja ilizimwa. Nyingine ikaanza, na pembe zikajaza chumba cha juu kutoka chini ya miguu yake.

"Hii ina nguvu," alisema yule mwanamke. "Na maneno yasikika. Imekazwa Nairobi?"

"Nairobi!" alisema Jamaldin, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. "Geuza jalada. Soma hapo chini."

Kaseti ikageuzwa juu ya kaunta. Kisha mwanamke akasoma jina, lote, na *dz* yake.

Kadzo alisimamisha mashine ya kunakili mpaka alipomaliza kulisoma. Kisha akaiwasha tena.